Siku Aliyookoka Baba

Ukitaka kumjua baba yangu, usimtazame wakati wa ibada. Mtazame ibada ikiisha, watu wakiwa bado wanasalimiana na kuulizana habari za zamu, yeye ameshavua koti na anakunja viti. Ukumbi wetu hapa Merrylands, mtaa wa Sydney, tumepangishwa na kanisa la Wazungu. Wao husali asubuhi, sisi tunaingia mchana, na sharti ni kwamba tuuache kama tulivyoukuta. Sharti hilo baba alilipokea kama amri ya kumi na moja. Akimaliza viti huingia jikoni kuosha vile vikombe vidogo vya Meza ya Bwana, kimoja kimoja, na kila kimoja hukiinua kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kukilaza kwenye trei. Vijana walishajaribu kumpokea kazi hiyo, wakaambulia kukaripiwa.

Mimi ni muuguzi katika nyumba ya wazee, kwa hiyo mikono ya mtu anayesahau naijua. Kichwa hutangulia, mikono hubaki nyuma ikifanya kazi zake. Nilipoanza kumwona baba anaosha vikombe vizuri kuliko zamani, na huku ananiuliza kwa mara ya tatu tumekuja na gari la nani, sikuhitaji daktari. Daktari aliniambia hata hivyo, kwa upole mwingi, na mimi nikamjibu kwa ukali kana kwamba yeye ndiye aliyemwambukiza. Maskini wa Mungu, alinisindikiza mpaka mlangoni.

Lakini sisimulii habari za kusahau. Wazee husahau, ndiyo kazi ya uzee. Nasimulia kitu kimoja alichosahau, na jinsi nilivyoshindwa kumrudishia.

Baba alikuwa fundi cherehani siku za wiki na mhubiri siku ya Jumapili, huko kwetu Ukambani. Ujanani alisoma chuo cha Biblia cha wamisionari wa Kimarekani. Wenzake walirudi kutoka huko na suti na Kiingereza cha puani. Baba alirudi na wazee wake. Nawaita wazee wake kwa sababu sijui niwaite nini tena: wale wahubiri wa Kiprotestanti wa mwanzo kabisa, waliovuka bahari kwenda Marekani ilipokuwa bado misitu mitupu, wakajenga nyumba za ibada zisizo na moto ndani. Mahubiri yao alikuwa ameyasoma mpaka yakamwingia kwenye damu, naye akatuhubiria hayo hayo kwa Kiswahili, chini ya mabati yanayochemka kwa jua. Alitueleza kwamba kwao mkate wa Meza uliganda kwa baridi hadi ukagonga sahani kama kokoto. Sisi watoto, ambao hatukuwa tumeona hata friji, tulikaa tukiwaza mkate unagandaje.

Jambo moja ndilo lililowasumbua wazee wale, na likamsumbua baba maisha yake yote: imani na matendo. Je, mtu mwema ni mtu wa Mungu? Wao walisema hapana, si lazima. Unaweza kulima, kutoa sadaka, kulea yatima, na Mungu asikujue hata jina. Baba alikuwa na namna yake ya kulisema hilo. "Punda hufanya kazi kuliko watoto wote wa boma," alikuwa akinguruma, "lakini siku ya urithi, nani humwita punda?" Kanisa zima lilicheka, halafu kicheko kikakatika, kila mtu akajiuliza kama yeye ni mtoto au ni punda.

Kwa hiyo katika miji ile ya baridi, alisema, hakuna aliyekaribia Meza kabla ya kusimama mbele ya wote na kueleza neema ilivyomfikia. Na hapo ndipo alipoileta hadithi ya mkunga. Sijui aliitoa kitabu gani, au kama aliitunga akiwa kwenye cherehani. Kulikuwa na mkunga aliyezalisha mji mzima. Kila mtu aliyeketi mezani alikuwa amepitia mikononi mwake. Lakini alipoulizwa neema ilimfikia lini, hakuwa na la kusema, naye hakutaka kusema uongo. Basi akakaa benchi la nyuma mpaka akazeeka, akiwatazama watoto aliowazalisha wakila. "Matendo hayo yote, na mlango haukufunguka," baba alimalizia, na kuifunga Biblia kwa kishindo.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, mwishowe mkunga yule walimpa? Akanijibu kwamba hadithi haisemi.

Yeye mwenyewe ushuhuda wake ulikuwa mtamu kama nini. Mwaka wa njaa, akiwa kijana, mama yake alimtuma misheni kupanga foleni ya mahindi ya njano, yale ya msaada kutoka Marekani. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na pembeni palikuwa na mhubiri amesimama juu ya sanduku. Baba akasikiliza kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Kisha akasikia maneno yale yanamhusu yeye, akatoka kwenye foleni, akaenda mbele, akapiga magoti. Alipoinuka nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mahindi yamekwisha. Alirudi nyumbani na gunia tupu, uso unang'aa. Bibi yangu akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Na wokovu huo unapikwa?" Halafu akamshukia kwa mwiko. "Nilikwenda kutafuta mahindi," baba alikuwa akimaliza, "nikapata Mwokozi na kipigo, vyote siku moja." Nimeisikia hadithi hiyo tangu nikiwa mgongoni. Ningeweza kuisimulia usingizini.

Mama alipofariki nikamleta baba Sydney aishi nasi, mimi na binti yangu. Nilidhani atanyong'onyea, mzee wa watu, katikati ya maghorofa na baridi. Wapi! Alilipata kanisa letu dogo, nusu Wakenya wanaofanya kazi mahospitalini, nusu Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi, na mchungaji wetu Mkongo ambaye siku za wiki huendesha forklift, gari la kuinulia mizigo, ghalani. Baba akaliona kanisa hilo limelegea. Watu wanakula Meza ya Bwana kama wanavyokula chapati, alisema. Kwa heshima ya mvi zake, na kwa sababu hakuna aliyeweza kumshinda kwa hoja, mchungaji akakubali desturi ya wazee wake: kila Jumapili ya Meza, kabla ya sahani kupita, kila atakayekula asimame na kutaja siku aliyookoka na mahali. Maneno machache tu, kisha aketi.

Sisi Wakenya haikututesa. Kwetu mtu hujitambulisha hivyo hata kwenye harusi. Nilisimama nikataja siku yangu, shule ya bweni, kidato cha pili, nikakaa.

Ikafika zamu ya mama mmoja wa Kikongo. Huyu ndiye anayekuja kwa treni kutoka Macquarie Fields akiwa amepakata sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, ya kulisha kanisa zima. Mtu akijifungua, yeye ndiye wa kwanza mlangoni. Mtu akifiwa, hata viatu havui, anaingia moja kwa moja jikoni kwako. Alisimama, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Baba," akasema, "miye sikuangalia kalendriye. Tulikuwa tunakimbia. Niliita Mungu kila siku. Sasa nitakamata siku gani, niache ingine?"

Watu wakacheka kwa huruma. Baba hakucheka. Alimjibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. "Basi subiri, mama. Siku yako itakuja."

Mama yule hakununa wala hakuhama kanisa. Alisogea tu, akakaa safu ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, na tangu hapo sahani ikimfikia huipitisha. Sombe aliendelea kuleta. Nilimkasirikia baba njia nzima, nikiendesha gari kurudi nyumbani. Nilimwambia, huyo ndiye mkunga wako. Akatazama nje ya dirisha. "Mwanangu," akasema, "meza si yangu. Ingekuwa yangu, ningempa."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ushuhuda wa baba ulianza kumong'onyoka pembeni. Kwanza mwaka ulipotea. Halafu mwiko wa bibi, na nilisikitika, kwa sababu watu walikuwa wakiungoja. Halafu yakawa si mahindi ya msaada tena, alikuwa ametumwa sokoni. Kila Jumapili ya Meza nilikaa nimeshika pembe ya kiti, nikimsukuma kwa moyo kama unavyomsukuma mtoto anayeimba peke yake mbele ya wazazi.

Kisha ikaja ile Jumapili. Alisimama, koti limefungwa vifungo vyote.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi nimeokoka..." akasema.

Tukangoja. Mtoto mmoja akaangusha toy, ikabiringika mpaka ukutani. Mchungaji, mtu mwenye huruma, akapaza sauti, "Amina! Amina, Baba!" ili jambo lifungwe. Baba akainua mkono.

"Bado sijasema."

"Mahindi, baba," nikanong'ona. "Foleni ya mahindi."

Alinisikia. Aligeuka akanitazama kwa aibu ya mwanafunzi anayepewa jibu na jirani huku mwalimu anaona. Sikuwahi kumwona baba yangu na uso ule. Akainama akaichukua Biblia yake, akatembea taratibu katikati ya viti mpaka safu ya nyuma. Mama wa Kikongo akaondoa mkoba wake kwenye kiti, naye akaketi. Sahani ilipofika akaipitisha. Ibada ilipoisha akavua koti, akakunja viti, akaosha vikombe.

Nyumbani nikampikia chai, nikakaa naye mezani, nikamsimulia hadithi yote: foleni, jua, sanduku, gunia tupu. Nilipofika kwenye mwiko alicheka mpaka akapangusa macho, na mimi nikadhani tumeshinda.

"Huyo kijana alibarikiwa," akasema.

"Ni wewe, baba. Huyo kijana ni wewe."

Akawaza. "Inawezekana. Lakini mimi nimeisikia kwako. Nikisimama niiseme, nitakuwa nashuhudia masikio yangu. Mungu hana wajukuu, mama."

Kauli hiyo ni yake. Alitufundisha nayo tangu tukiwa wadogo, ili tusije tukajivunia imani ya wazazi. Sasa imezunguka, na kumbe hata baba haruhusiwi kurithi kwa mwana.

Tangu hapo ikawa ndiyo asubuhi yetu. Naingia chumbani mwake kufungua pazia, namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshavaa, mikono magotini.

"Mimi niliokoka?"

"Ndiyo, baba."

"Lini?"

Namwambia.

"Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe ulisema, baba, maisha yako yote."

"Mimi," anasema, na kutikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa shahidi asiyeaminika. Kisha anasema lile linalonikata maini. "Nitakwenda, na sijui kama ninajulikana." Mtu aliyehubiri hata vichaa wakakaa kimya anaogopa kufa, na anaogopa mbele yangu, na mimi nabaki nimeshika pazia.

Binti yangu hunisikia kutoka chumbani kwake. Kiswahili anakielewa chote, ila mdomo wake ulikwisha kuhamia Australia. "Mum, just make him happy," aliniambia siku moja, akifunga kamba za viatu. "You do it at work all the time."

Na ni kweli. Kuwafurahisha wazee kazini ndiyo sifa yangu. Kuna bibi mmoja wa Kizungu huniuliza kila siku mume wake, ambaye alishafariki, anakuja saa ngapi, na mimi humwambia anaegesha gari, anakuja sasa hivi. Anatulia, anakunywa supu yake. Tunafundishwa hivyo: usibishane na mgonjwa, ingia katika ulimwengu wake. Lakini ulimwengu wa baba una bawabu mlangoni, na bawabu ni baba mwenyewe, mwenye akili timamu kuliko sehemu nyingine zote za kichwa chake. Amesahau jina la mtaa tunaoishi. Hoja hata moja hajasahau.

Nilijaribu hoja. Nilimkumbusha kwamba baadhi ya wazee wake wa Marekani walisema matendo mema ni dalili, kama matunda yanavyoonyesha mti, na kwamba waligombana juu ya hilo hadi wakafukuzana. "Basi tazama mikono yako, baba," nikasema. "Tazama viti. Tazama vikombe. Si dalili hizo?"

Macho yake yakawaka, na kwa dakika moja nikamwona mhubiri wangu wa zamani. "Hao niliwajibu nikiwa mzima," akasema. "Unataka wanishinde leo nikiwa mgonjwa?" Akacheka, na mimi nikacheka, nikaenda bafuni nikafungua maji ya bomba nikalia.

Nilimwendea mchungaji, nikamkuta anakula chakula cha mchana nje ya ghala, fulana ya kazi ya kung'aa bado mwilini. Nikamwambia, iondoe desturi hii. Akaweka mkate chini. "Mama, ni ye mwenyewe alituletea," akasema. "Nikiitosha, nikiiondoa, nitamuambia nini? Kama alikosea maisha yake yote?" Hata hivyo alijaribu. Jumapili ya Meza iliyofuata alitangaza kwamba leo hakuna kusimama, kila ampendaye Bwana ale. Baba akasimama nyuma kule, akishikilia kiti cha mbele yake.

"Mchungaji," akasema, "usinionee huruma mbele za watu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mchungaji akainamisha kichwa, na desturi ikarudi mahali pake. Nilimchukia baba kwa muda huo mfupi, nasema kweli. Nilitamani asahau na hilo. Alikuwa amesahau harusi yake, amesahau kaburi la mama, ila mlango ule alikumbuka kuufunga.

Mwezi uliopita nilihama kiti changu, nikaenda kukaa nyuma pamoja nao. Sikuwa na hoja tena, nilikuwa nimechoka tu kumwona kwa kugeuza shingo. Tulikaa hivi: mama wa Kikongo, halafu baba, halafu mimi. Nilisimama zamu yangu ilipofika, nikataja siku yangu na shule yangu ya bweni, nikaketi. Harufu ya sombe ilitoka jikoni. Mbele mchungaji alikuwa akiumega mkate.

Baba akanigusa goti.

"Yule mkunga," akanong'ona.

Nikamwinamia. "Mkunga yupi, baba?"

"Wa kule kwenye baridi. Aliyezalisha watu wote. Mwishowe walimpa?"

Nilimtazama. Kila kitu kilikuwa kimemtoka, na mwanamke yule wa benchi la nyuma alikuwa bado yumo. Nikafanya kama ninavyofanya kazini. Nikasema bila kupepesa macho, "Walimpa, baba. Watu wote waliinuka wakamletea pale alipokaa."

"Nani kasema?"

"Wewe. Ulituhubiria."

Nilingoja anikatalie. Lakini safari hii hakubisha. Uso wake ulilegea, makunyanzi yote yakafunguka, akawa kama mtu aliyepata barua ya ndugu aliyedhaniwa amekufa.

"Ah," akasema. "Nimefurahi kwa ajili yake. Alikuwa amefanya kazi sana."

Sahani ikaingia safu yetu. Mama wa Kikongo aliipokea na kumpa baba. Baba akaishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa juu yake kwa heshima, na vipande vya mkate vikagongana kidogo kwenye sahani. Nikasema kimoyomoyo, chukua, baba, chukua kimoja tu. Nilisali, mimi ambaye siku hizi kusali kwenyewe nasali kwa mazoea. Akanigeukia bado akitabasamu kwa ajili ya mkunga, akaiweka sahani mapajani mwangu.

"Kula, mama," akaninong'oneza. "Wewe siku yako unaijua."

Wote wawili walikuwa wakinitazama, wakiningoja kwa wema mtupu, bila kinyongo. Nikachukua kipande. Nikala.